Namba ya OB kwanza, mahakama baadaye

Wadogo zangu mnaofanya mazoezi ya uwakili, wiki hii nimewaona tena mkiandika ombi la mashtaka binafsi (kesi ya jinai inayoendeshwa na mtu mwenyewe badala ya serikali) kabla mteja hajapata hata namba ya OB, yaani namba ya ripoti yake katika kitabu cha matukio cha kituo cha polisi hapa Kenya. Nawapenda, lakini hebu tuelewane.

1. Mrudisheni mteja kituo cha polisi, na mwandamane naye. Afisa akikataa kuandika ripoti, chukueni jina lake, namba yake ya kazi, tarehe na saa.

2. Siku hiyo hiyo pelekeni barua kwa OCS, yaani mkuu wa kituo, na nakala yenu ipigwe muhuri. Hapa ndipo mnaponiumiza roho. Kuna mama muuza mboga aliyepigwa na jirani hadi akavunjika mkono. Kituoni akaambiwa, "Nendeni mkasikizane nyumbani." Aliporudi, aliyekuwa zamu akamwambia aje kesho. Kijana wa ofisi yetu, mwenye bidii kwelikweli, akaenda kuonana na OCS. Wakaongea vizuri, akaahidiwa, akatoka mikono mitupu. Hakimu alipouliza polisi walikataa lini, hatukuwa na kipande cha karatasi. Tangu kesi ya Floriculture International ya 1997, mwombaji hutakiwa aonyeshe kwamba aliripoti, polisi wakakataa kuchukua hatua bila sababu ya maana, na kwamba yeye mwenyewe ameumia kwa namna ya pekee. Majeraha tulikuwa nayo, kukataliwa hatukuweza kukuthibitisha. Ombi likatupwa. Mama yule, mkono ungali kwenye plasta, akauliza kama sasa anaweza kwenda kufungua kibanda. Hakuelewa kwamba ameshindwa, na ilibidi aelezwe pale pale koridoni.

3. Mwandikieni DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Kifungu cha 157(4) cha Katiba kinamruhusu kumwagiza Inspekta Jenerali wa polisi achunguze, na Inspekta Jenerali lazima atii. IPOA, mamlaka huru ya kusimamia utendaji wa polisi, pelekeni lalamiko kuhusu mwenendo wa afisa, ila msimdanganye mteja kwamba wao ndio watamshtaki jirani.

4. Someni vifungu vya 88 na 89 vya Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai bila kuvichanganya. Cha 89 kinamruhusu mtu kulalamika kwa hakimu, hata kwa mdomo. Cha 88 ni cha ruhusa ya kuendesha mashtaka. Mkishafungua kesi, DPP ajulishwe kwa maandishi ndani ya siku 30.

5. Aliyeumizwa aende hospitali kwanza, OB itafuata baadaye. Karatasi za matibabu zitunzwe, maana P3, fomu ya polisi ya kuthibitisha majeraha, itajazwa kwa kuzitazama hizo.