Shangazi, nilimsaidia jirani au nilimlalia?

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Chikongola hapa Mtwara, nashona nguo nyumbani. Mume wangu ni kibarua wa kupakia mizigo bandarini, kazi yake ni ya msimu. Kwa hiyo kila shilingi mia ninayookoa sokoni ina pa kwenda. Tangu nikiwa binti sijawahi kutoa bei ya kwanza niliyotajiwa, na najivunia hilo.

Mwezi wa pili, katikati ya kifuku, msimu wa mvua, jirani yangu alinijia na sufuria zake tano za kubebana, alizozawadiwa kwenye harusi yake. Mwanawe alikuwa anaumwa. Alitaka 40,000. Nikamwambia nina 15,000, akasita, akapokea. Mwezi wa kumi na moja, walipolipwa pesa za korosho za shamba lao la Nanyamba, akaja na 15,000 mkononi akiomba nimrudishie sufuria zake. Nikamwambia sasa ni 35,000, maana dukani hazipungui 60,000. Akasema, "Haya, asante," akaondoka.

Binti yangu wa miaka 13 alikuwa barazani anamenya mihogo, akasikia yote. Tangu siku hiyo hataki kufuatana nami sokoni. Nikimtuma peke yake anatoa bei ileile anayotajiwa, na najua anafanya makusudi. Mume wangu anasema biashara ni biashara. Mimi najiuliza: siku ile wengine hawakumpa hata mia. Nilimsaidia au nilimlalia? Na je, niache kupatana bei?

Mama Wawili, Chikongola

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikifika kwenye ile "Haya, asante" nasimama. Nitairudia baadaye. Nianze na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo jepesi.

Usiache kupatana bei. Sokoni kwetu bei ya kwanza ni kama salamu, muuzaji ameshaweka humo nafasi ya kushuka na anategemea uijibu. Jina la machinga lenyewe, linaloitwa leo nchi nzima, limetoka kwa watu wa huku kusini waliokwenda Dar es Salaam kuuza bidhaa mkononi. Kununua na kuuza kwa maneno tumekua nako. Ukifika Soko Kuu asubuhi, mama wa nyanya ndiyo kwanza anapanga mafungu yake, akakwambia "nifungulie," hapo anakupunguzia kwa moyo mweupe, maana mteja wa kwanza ndiye anayemfungulia siku. Wewe umepata nafuu, yeye amepata pesa ya kwanza mkononi.

Ila ningependa uone kwamba nafuu kubwa haipo kwenye kubishana. Ipo kwenye kujua wakati. Chukua dagaa. Wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi, boti zinalala pwani, na bei inapanda bila mtu kufungua mdomo. Anayenunua siku hizo anaweza kubishana hadi sauti imkauke, ataondoka na fungu dogo tu. Subiri giza liingie. Boti zikianza kurudi zimejaa, nenda Feri ununue wa wiki tatu kwa mkupuo, waanike tena juani siku nzima hata kama umeambiwa ni wakavu, kisha watie kwenye ndoo yenye mfuniko. Mbaazi nazo nunua zinapotoka shambani, mwezi wa nane na wa tisa, usingoje kifuku. Na vitambaa vya sare za shule, wewe mshonaji hunihitaji mimi kukufundisha: korosho zikishalipwa kila mwenye duka mjini anajua, na Januari inapogonga hodi hakuna wa kukupunguzia. Kitambaa cha Januari kinanunuliwa Agosti.

Mchele, tafuteni wenzenu. Mkiwa wanawake wanne mnaoaminiana, mkachanga, mkanunua mfuko wa kilo 50 kwa bei ya jumla na kuugawa kwa mizani, hakuna atakayekuwa amembana mtu.

Halafu kuna kipimo. Hapa nakuomba unisikilize vizuri, kwa sababu wabana bei wengi wanaumia hapa bila kujua. Muuzaji uliyembana hadi akanyamaza ataitafuta faida yake kwenye kopo. Mimi yalinikuta. Nilinunua kunde makopo manne kwa bei niliyoshangilia njia nzima hadi nyumbani. Nikazipima kwa kopo langu la jikoni, lenye ukubwa uleule kwa macho. Yakatoka matatu, na la nne halikufika nusu. Niliporudi sokoni wiki iliyofuata nililiomba lile kopo nikaligeuza: kitako kilikuwa kimegongwa kikaingia ndani karibu vidole viwili, ukilitazama kwa juu huoni kitu. Tangu hapo naliangalia kopo kabla ya kuuliza bei, ndani na chini, na penye mizani nasema nipimie kwa kilo. Kama una muda wa kubishania shilingi 200, utumie muda huohuo kutazama kitako cha kopo.

Dukani, kwenye vitu vya umeme na simu, ukiulizwa "nikuandikie risiti au nikupunguzie?" chukua risiti. TRA, watu wa kodi, wanatuimbia kila siku kwamba ukinunua udai risiti, na mimi naongeza sababu yangu ya nyumbani: feni ikizima baada ya wiki mbili, kile kipande cha karatasi ndicho kinachokurudisha dukani na kusikilizwa. Na bodaboda ya kukupeleka soko la mbali kufuata punguzo, ihesabu pamoja na punguzo lenyewe.

Sasa sufuria.

Neno umelitaja wewe mwenyewe, kulalia, na kama lingekuwa halikuhusu lisingekujia. Kupatana bei ni watu wawili waliosimama. Kumlalia mtu, neno lenyewe linasema: mmoja yuko chini, hana pa kugeukia, na wewe umemwekea uzito wako juu. Hao wawili wanaweza kusema maneno yaleyale sokoni, "punguza kidogo," "bei ya mwisho ngapi," na mtu anayepita asione tofauti yoyote. Tofauti ni kwamba mmoja anaweza kusema hapana na kurudi nyumbani salama, na mwingine hawezi.

Nililiona hilo nikiwa mdogo kuliko binti yako. Mama yangu alikuwa akiuza makopa na dagaa kando ya barabara Mikindani, mafungu kumi au kumi na mbili juu ya mkeka. Kulikuwa na mteja mmoja, mtu mwenye kazi yake nzuri, aliyekuwa akipita saa kumi akauliza bei na kuondoka. Akirudi, jua linazama. Anasimama, haulizi tena, anasema, "Yote nakupa kiasi fulani." Kilikuwa chini ya nusu. Mama alikuwa akinitazama mimi kwanza, halafu barabara, halafu anaanza kumfungia. Pesa akaifunga kwenye pindo la kanga, na njiani kurudi alilishika lile pindo muda wote, hatuongei. Yule bwana, naamini kabisa, alifika kwake akamwambia mkewe kwamba amepata dagaa kwa bei ya bure.

Wapo wauzaji wa mchicha wanaokuita wenyewe jioni, "Mama, chukua hizi, zisinilalie hapa." Hao ni jambo jingine, chukua na umshukuru. Yule bwana alikuwa akingoja. Alikuwa akiijua saa ambayo mama yangu hana ujanja.

Mwanangu, sisi wa kusini hatuna haki ya kusema hatulijui jambo hili, maana ndilo linalotuliza kila mwaka kwenye korosho. Kangomba ni nini? Ni mtu mwenye pesa anayekuja wakati wa dhiki, pengine mikorosho bado ina maua, akamwambia mwenye shamba, "Una mgonjwa? Una ada ya shule? Shika hizi, korosho zikiiva ni zangu." Tunaichukia na serikali imeipiga marufuku. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza kwenye korosho za Mtwara msimu wa 2007/2008 ulikuja ili mkulima apeleke korosho ghalani, apewe stakabadhi yake, ziuzwe kwa mnada, na asikutane peke yake na mnunuzi akiwa na njaa. Mwaka 2018, serikali ilipotangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, ilipita kwanza kuhakiki mashamba ili watu wa kangomba wasilipwe jasho la wengine. Sasa iweke barua yako kando ya hayo. Mwezi wa pili, mtoto mgonjwa, 15,000 mkononi. Umeona ulipokuwa umesimama?

Lakini nitakuwa mkweli kwako pande zote. Siku ile ya Februari ulimsaidia pia. Mtoto alipata dawa kwa pesa yako, na wengine, kama ulivyosema, hawakutoa hata mia. Kama 15,000 ndizo zote ulizokuwa nazo, kosa lako pale lilikuwa dogo, la kutokumwambia, "Sufuria ziache kwangu rehani, ukipata njoo uchukue." Kama ulikuwa na zaidi kwenye kibubu ukamwambia huna, hilo unalijua wewe, na mimi sitakuuliza.

Kilichonishinda kukimeza ni Novemba. Novemba hakukuwa na mvua wala mgonjwa. Mwenzio alikuja na pesa yako kamili, hakuomba msamaha wa hata shilingi, na sufuria ulikuwa umezitumia miezi tisa. Zile 20,000 ulizoongeza hazikutoka kwenye thamani ya sufuria, maana sufuria zimezeeka kwako. Zilitoka kwenye kujua kwako kwamba anazipenda. Ndiyo maana alisema "Haya, asante." Mtu aliyeona ameonewa na mtu wa nyumba ya pili, ambaye kesho atamwomba chumvi au moto, hana neno jingine la kusema.

Mumeo anasema biashara ni biashara. Mwulize kwa upole, akiwa ameshakula. Siku vibarua wanapokuwa wengi getini na mizigo ni michache, msimamizi akasema, "Leo natoa nusu, asiyetaka aondoke," akirudi nyumbani huwa anaiita biashara?

Cha kufanya ni hiki. Zisugue sufuria zote tano, na ile iliyoungua kama ipo. Nenda mwenyewe, usimtume mtoto, jioni watu wakiwa wametulia, na usiende na maneno ya kuzunguka. Mwambie, "Jirani, nimekuletea sufuria zako. Siku ile nilikukosea." Basi. Usimweleze ugumu wako wa maisha, anaujua, anaishi ukuta wa pili. Akitoa 15,000, pokea, ni haki yako. Akisema pesa imeshakwenda kwenye madeni, na mwezi huu inaweza kuwa kweli, ziache sufuria, atakulipa akipata. Na kama atakataa kuzipokea, kuna watu heshima yao iko hivyo, basi sufuria umezinunua, na bei aliyoitaja siku ile ilikuwa 40,000. Mpelekee 25,000 zilizobaki, hata kwa awamu. Hutafurahi kuzitoa, naelewa. Ni nguo nyingi za kushona.

Binti yako usimkemee kwa kutoa bei nzima. Wewe unaona anapoteza pesa yako kwa makusudi, na mimi naona mtoto wa miaka 13 anayejaribu kulipa deni la mama yake kidogo kidogo kwa watu wasiohusika, kwa sababu kwa mhusika mwenyewe haruhusiwi kwenda. Kabla hujatoka siku hiyo mwambie unakwenda wapi na kwa nini. Usimlazimishe kukufuata. Weka tu sufuria barazani, ile ndogo kabisa pembeni peke yake, uone kama ataibeba.

Mkishatoka huko, mpe siku chache kisha mwombe mwende wote sokoni asubuhi. Mwonyeshe kitako cha kopo. Mfundishe kuuliza bei meza tatu bila kushika kitu, na kumsalimia muuzaji kabla ya yote, na kumtazama usoni, kwa sababu usoni ndiko utakakojua kama bei unayoitaja inamfurahisha, inamchekesha au inamwumiza. Macho ya kuona maumivu anayo tayari, umeyaona mwenyewe.

Nenda kabla wiki hii haijaisha, halafu niandikie. Nataka kujua jirani alisema nini, na kama ile sufuria ndogo ilibebwa.

Shangazi