Ukilala hoteli yenye kasino, simu iache chumbani

Mwezi wa nane mimi na mume wangu tulitimiza miaka kumi ya ndoa, tukajipa siku mbili katika hoteli moja kubwa ya hapa Nairobi, zile zenye vyumba juu na kasino chini. Sikwenda kucheza kamari. Nilitaka kulala kitanda nisichokitandika mwenyewe. Nawaandikia haya kwa sababu Desemba yaja na wengi wenu mtachukua ofa kama yetu.

Mapokezi nitapapita haraka. Uliza kama bei uliyotajiwa imeshajumlisha VAT ya asilimia 16, tozo ya utalii ya asilimia 2 na ada ya huduma. Ukitoa kadi ya benki, uliza wanazuia kiasi gani kama amana, maana pesa hiyo hutaigusa mpaka uondoke, na pengine siku kadhaa baadaye.

Sasa kasino. Anayetoka nyumbani kwenda kucheza ana kitu cha kumwinua kitini: gari la kurudi. Atawaza matatu za mwisho, atawaza teksi ya saa nane usiku, atasimama. Wewe uliyelala ghorofa ya sita huna cha kukuinua. Lifti iko hapo hapo. Ukumbini hakuna dirisha, na saa ya ukutani sikuiona.

Usiku wa kwanza tulishuka na shilingi elfu tatu taslimu, tukakubaliana zikiisha tunapanda kulala. Mume wangu alikaa kwenye ruleti. Ziliisha kabla sijamaliza soda yangu. Nikamwona ameinama, mwanga wa simu ukimpiga usoni, kidole gumba kikibonyeza namba nne za siri. Elfu tano. Nikapanda nikidhani ananifuata.

Asubuhi alikaa ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mkononi, akanipa simu nisome. Salio sufuri, na chini yake deni la Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa. Nusu ya karo ya binti yetu ya muhula wa tatu ilikuwa imekwenda. Sikumfokea, maana mtu aliyekuonyesha simu mwenyewe ameshafanya lililo gumu.

Ndiyo maana nasema tatizo letu hapa Kenya si pochi, ni simu. M-Pesa inakuruhusu kutuma hadi shilingi 250,000 kwa mkupuo mmoja, na 500,000 kwa siku. Ikikauka, Fuliza inakukopesha papo hapo, kisha pesa yoyote inayoingia inakatwa deni kwanza. Ukiwa na simu mezani, ile elfu tatu mliyokubaliana haina maana tena.

Na msidanganywe na anayesema amejua mbinu za ruleti. Gurudumu la kawaida lina namba 37, kuanzia 0 hadi 36. Weka shilingi mia kwenye kila namba: umetoa 3,700. Mpira utatua kwenye moja, utalipwa 3,500 na kurudishiwa mia yako. Una 3,600. Umepoteza mia bila kukosea chochote. Gurudumu lenye sufuri mbili ni baya zaidi, kwani unatoa 3,800 na malipo ni yale yale. Hiyo mia ndiyo inayolipa taa, zulia na mchezeshaji.

Usiku wa pili tulifungia simu zote mbili, pamoja na kadi za benki, kwenye kasha la chumbani. Namba ya kufungulia niliiweka mimi peke yangu. Tulishuka na elfu moja, na kwa kweli ilidumu muda mrefu kuliko ile elfu tatu, kwa kuwa kila dau alilifikiria. Ilipoisha tulitoka bustanini, tukaagiza mbuzi choma na kachumbari, tukazungumza mpaka saa tano kasoro.

Karo tunailipa kwa awamu mbili, shule imekubali. Na Desemba tutarudi, ila safari hii nimetafuta chumba kinachotazama bwawa la kuogelea, ili watoto waje nasi.