Saa kumi na moja mpaka saa saba: mafunzo dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu yaanzie wapi

Msomaji mmoja aliyepewa kazi ya kuandaa mafunzo ya siku tatu huko Ghuba ametutumia ratiba yake tuipitie. Washiriki ni wakaguzi wa kazi, polisi, waendesha mashtaka, watu wa nyumba salama na maofisa wa balozi za Afrika Mashariki. Siku ya kwanza yote ni tafsiri ya kosa. Siku ya pili ni mikataba ya kimataifa. Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, imebaki saa moja na nusu ya "mahojiano na mwathirika", kisha vyeti na picha ya pamoja.

Ratiba hiyo imekaa kichwa chini miguu juu, na si yeye aliyeanza. Sheria zipo. Falme za Kiarabu walitunga ya kwao 2006, Bahrain na Oman 2008, Saudi Arabia 2009, Qatar 2011, Kuwait 2013. Huku kwetu Tanzania 2008, Uganda 2009, Kenya 2010. Mwaka huohuo wa 2010 ulizinduliwa Doha mpango wa nchi za Kiarabu wa kujenga uwezo wa kitaifa katika vita hivi. Semina zimefanyika tangu hapo, na mabegi ya semina yamejaa makabatini. Anayepungua ni ofisa wa dawati la kwanza anayeweza kumtazama dada wa kazi aliyeripotiwa na mwajiri wake kuwa "ametoroka" na kutambua kwamba huenda mbele yake kuna kesi ya jinai.

Sheria ipewe saa mbili, isizidi. Chora safu tatu ubaoni: kitendo, njia, kusudi. Ndivyo Itifaki ya Palermo, makubaliano ya Umoja wa Mataifa ya 2000 dhidi ya usafirishaji haramu wa watu, inavyolijenga kosa. Kusajili, kusafirisha au kupokea mtu ni kitendo. Udanganyifu, vitisho, nguvu au kutumia vibaya unyonge wa mtu ni njia. Unyonyaji ni kusudi. Kila ukweli wa kesi uandikwe kwenye safu yake. Mwathirika akiwa chini ya miaka 18, safu ya njia haihitajiki. Na njia ikishathibitika, ridhaa yake haina uzito tena, kwa hiyo swali la "si ulikubali mwenyewe kuja?" lifutwe kabisa kwenye fomu. Linaua kesi nyingi kuliko wakili yeyote wa utetezi.

Dalili 11 za kazi ya kulazimishwa za Shirika la Kazi Duniani zinafaa, lakini maofisa huzitumia kama karatasi ya mtihani: wakipata alama tatu, kesi ipo, wakipata mbili, haipo. Siyo. Paspoti kukaa kabatini kwa mwajiri ni dalili tu. Ukiipeleka peke yake kwa mwendesha mashtaka, itarudi kama mgogoro wa kazi. Unganisha paspoti na mlango unaofungwa kwa nje, na mshahara usiolipwa, na kauli ya "ukiondoka nitakuripoti", hapo njia na kusudi vinaonekana.

Siku nzima ya pili iwe ya mahojiano, na nusu ya siku hiyo iwe ya ukalimani. Hapa ndipo panapovuja kuliko pote, na hakuna anayetaka kupatengea fedha.

Chukua kauli hii ya mfanyakazi wa ndani anayezungumza Kiswahili: "Naamka saa kumi na moja, nalala saa saba." Anasema alfajiri mpaka usiku wa manane, saa 20 akiwa wima. Mkalimani asiyejua saa zetu anatafsiri namba kama zilivyo, karani anaandika 11 mpaka 7, na faili sasa linasomeka saa nane za kazi. Kikomo cha sheria ya wafanyakazi wa ndani ya Qatar, ya 2017, ni saa 10 kwa siku. Cha Kuwait, ya 2015, ni 12. Kwa karatasi hiyo mwajiri ni mtu mwema kuliko sheria inavyomtaka. Dawa yake ni rahisi: kila saa iandikwe pamoja na kipindi chake, alfajiri, mchana au usiku, kisha asomewe mwenyewe arudie kwa kutaja adhana iliyo karibu.

Kauli ya pili: "Baba mwenye nyumba alikuwa ananisumbua." Mswahili ameelewa. Ikitafsiriwa kwa neno la Kiarabu la kukera, shambulio la kingono limegeuka kuwa utani wa jikoni. Mkalimani afundishwe kusimama na kusema, "neno hili lina maana mbili, naomba nimuulize." Vilevile "kurudishwa ofisini": ofisi ni ya wakala, ile wanayoiita maktab, na ndiko watu hufungiwa wakisubiri nyumba nyingine. Si ofisi ya serikali.

Oman kuna neema ambayo nchi nyingine za Ghuba hazina kwa kiwango hicho: Waomani wengi wenye asili ya Zanzibar wanakiongea Kiswahili nyumbani. Lakini undugu ni mpana, na mkalimani anaweza kuwa jamaa au jirani wa mwajiri. Aulizwe hilo kwa maandishi kabla hajakaa. Mkalimani anayeletwa na wakala asikae kabisa.

Zoezi lenyewe: washiriki 24, makundi sita ya wanne. Mmoja anacheza mfanyakazi akiwa na kadi yenye mambo 12 ya kweli, mmoja mkalimani, mmoja ofisa, mmoja mwandishi. Dakika 35, wabadilishane zamu mara nne, kila zamu na kadi mpya, na kila mara maelezo yalinganishwe na kadi. Msimlete mwathirika wa kweli asimulie mbele ya watu. Hilo si fundisho, ni kumfungua kidonda ili sisi tupate machozi. Maswali yawe ya vitu vinavyoshikika. Paspoti uliishika lini mara ya mwisho? Nani alilipa tiketi? Uliambiwa mshahara kiasi gani, na aliyekuambia ni nani? Ukiondoka leo, kitatokea nini?

Siku ya tatu iende kwenye ushahidi na mpaka. Simu kwanza: iwekwe hali ya ndege, na ujumbe uliowekwa kujifuta wenyewe upigwe picha kwanza, maana kuzima mpangilio huo hakuokoi uliokwisha kutumwa. Sauti za WhatsApp zibaki kwenye simu ileile. Ofisa anayejitumia kwenye simu yake amebaki na sauti isiyoonyesha nani alimtumia nani wala lini.

Halafu kuna tanazuli, ile hati ya kuachilia madai. Mwajiri analipa miezi minne, ananunua tiketi, dada anasaini, na faili la jinai linafungwa pamoja na la mshahara. Mafaili yawe mawili tangu saa ya kwanza, na maelezo ya jinai yasainiwe kabla mazungumzo ya fedha hayajaanza.

Kwa upande wa balozi, kosa hutokana na huruma. Hati ya dharura ya kusafiria inatoka asubuhi, jioni shahidi yuko angani. Asizuiwe kurudi kwao, hata siku moja, lakini kabla ya uwanja wa ndege viwepo maelezo yaliyosainiwa, nakala ya mkataba katika lugha zote mbili, ripoti ya daktari, yaliyomo kwenye simu, na namba ya ndugu aliyeridhia kutafutwa. Aulizwe pia kama yuko tayari kutoa ushahidi kwa video, na hakimu aombwe mapema.

Jina la dalali wa Mombasa au Dar es Salaam lisisubiri barua za kidiplomasia. Rekodi za safari na usajili wa kampuni huweza kuombwa polisi kwa polisi kupitia ofisi za Interpol za kila nchi. Rekodi za benki na ushahidi wa kiapo ndizo kwa kawaida zinazohitaji ombi rasmi la msaada wa kisheria kati ya nchi na nchi, nalo huchukua miezi. Maofisa wanaochanganya haya mawili hungoja yote.

Kwa msomaji wetu: bajeti yako ina mstari wa mabegi ya washiriki na hauna mstari wa wakalimani. Futa mabegi. Kwa fedha hizo lete wakalimani wanne, wawili wa Kiswahili na wawili wa Kiamhari, wakae na washiriki siku zote tatu.