Uliza mtihani kabla ya darasa: kuwahamishia watoto shule za Tanzania kutoka Zambia

Familia nyingi zinazorudi nyumbani kutoka Zambia hufika Mbeya na imani moja: kule shule ya msingi ilikuwa miaka saba, huku pia ni miaka saba, basi mtoto wa gredi ya nne ataingia darasa la nne na mambo yataendelea. Mimi na mume wangu tulihamisha watoto watatu kutoka Kitwe mwishoni mwa 2023, na ushauri ninaompa kila anayeniuliza ni kwamba namba ya darasa iwe jambo la mwisho kujadili. Kwanza jua ni mtihani gani wa taifa ulio mbele ya mtoto, na atafundishwa kwa lugha gani.

Shule zetu zinatembea kwa kalenda ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania. Kuna upimaji wa kitaifa darasa la nne, mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, upimaji wa kidato cha pili, halafu mtihani wa kidato cha nne na wa kidato cha sita. Upimaji wa kidato cha pili usiuchukulie kama zoezi tu, maana asiyefikia kiwango hurudia mwaka. Mwaka wa mtihani shule hubadilika kabisa: watoto wanaingia mapema, wanabaki jioni kwa masomo ya ziada, na mitihani ya majaribio inafuatana. Mtoto mgeni akiingizwa kwenye mwaka kama huo hapati nafasi ya kuzoea chochote. Wenzake wanarudia ya miaka iliyopita, yeye hakuwepo.

Kijana wetu wa kati alikuwa amemaliza gredi ya tatu. Kwa hesabu ya kawaida Januari 2024 angeingia darasa la nne, maana yake upimaji wa kitaifa mwaka uleule, kwa Kiswahili, wakati shule aliyotoka ilifundisha kwa Kiingereza. Nyumbani tulizungumza Kiswahili siku zote, anakisema vizuri. Lakini Kiswahili cha kuomba maji si Kiswahili cha hisabati. Kuna namba witiri na namba shufwa, kuna mzingo, kuna KDS (kigawe kidogo cha shirika) na KKS (kigawo kikubwa cha shirika). Mtoto anayejua kukokotoa anakwama kwa sababu hajaelewa anachoulizwa, na mwalimu mwenye darasa kubwa anaweza kudhani hajui hesabu.

Mwalimu wa taaluma ndiye aliyetushauri aanze darasa la tatu. Mume wangu aliumia, aliona mwaka unapotea. Kumbe mwaka huo ulikuwa wa pekee. Mtaala mpya ulianza 2024 kwa madarasa machache, darasa la tatu likiwemo, na kwa mpango wa serikali watoto wa darasa la tatu la 2024 wanamaliza elimu ya msingi wakiwa darasa la sita mwaka 2027. Darasa la nne la mwaka huo nalo linamaliza 2027, likiwa darasa la saba. Wote wanaingia kidato cha kwanza 2028. Kwa hiyo kijana hakupoteza mwaka. Alipata mwaka mzima wa kuizoea lugha kabla ya upimaji wa darasa la nne. Sisemi kila mtoto arudishwe nyuma. Nasema ukishajua mtihani uko wapi, unaweza kumsikiliza mwalimu kwa utulivu badala ya kubishana naye juu ya namba.

Yule mkubwa ndiye tuliyemhofia zaidi, na ndiye aliyepata njia nyepesi. Sekondari masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Alipoingia kidato cha pili, katika shule ya binafsi, wenzake wengi waliotoka shule za msingi za Kiswahili walikuwa na mwaka mmoja tu wa kusoma baiolojia na jiografia kwa Kiingereza. Yeye alikuwa amekizoea tangu awali. Kilichomtesa ni somo la Kiswahili lenyewe, ambalo ni la lazima hadi kidato cha nne: ngeli, uchanganuzi wa sentensi, fasihi simulizi. Na Uraia, kwa sababu hakuwahi kusikia halmashauri inafanyaje kazi. Hayo mawili tulimtafutia mwalimu wa ziada, mengine tukamwacha. Mzazi mwenye mtoto wa umri huo ajue pia kwamba nafasi za kidato cha kwanza katika shule za serikali hutolewa na TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, kwa matokeo ya darasa la saba ya hapa. Aliyefanya mtihani wa nje aulizie mapema kwa afisa elimu, asisubiri Januari.

Mdogo aliingia awali. Umri ule wanazoea wenyewe.

Shule za msingi za mchepuo wa Kiingereza zipo Mbeya, na zinamwondolea mtoto mshtuko wa lugha. Ada yake ndiyo swali. Shule za serikali za kawaida hazina ada tangu 2016 hadi kidato cha nne, na tangu 2022 hadi kidato cha sita, lakini weka bajeti ya sare, madaftari na michango ya chakula. Sweta usiiache iwe ya baadaye. Juni na Julai Uyole asubuhi ni baridi kali, na mtoto anayetetemeka hasikii somo.

Ukiletewa ripoti, soma alama kabla ya nafasi. Zambia kwenye mtihani wa gredi ya kumi na mbili 1 ndiyo bora na 9 ndiyo mwisho. Huku sekondari ni A hadi F, kisha divisheni. Nafasi ya arobaini na kitu inatisha, lakini mtoto mwenye alama 62 anajifunza.

Vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinapatikana bure kwenye maktaba mtandao yao. Chukua vya hisabati vya madarasa mawili ya chini ya mwanao, mpitie pamoja likizo ya Desemba, hasa maswali ya maneno.

Na karatasi: barua ya uhamisho na ripoti zenye mhuri zichukue kabla hujavuka Nakonde, kwa sababu kuzifuatilia ukiwa Mbeya ni mateso. Ukifika, hakikisha shule imemwingiza mtoto kwenye PREM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi wa NECTA, na kukupa namba yake. Iandike uitunze pamoja na cheti chake cha kuzaliwa. Bila hiyo namba usajili wa upimaji utakwama, na wewe utajua mwezi ambao muda umekwisha.