Bili ya umeme Nunavut: anzia kwenye hita ya gari

Ukihamia Iqaluit, mji mkuu wa Nunavut huku kaskazini mwa Kanada, au kijiji chake chochote, jua kwanza umeme wako unatoka wapi. Makazi yote 25 ya huku hayajaunganishwa na gridi ya Kanada, wala yenyewe kwa yenyewe. Kila mahali pana mitambo yake ya dizeli, na dizeli hiyo huja kwa meli katika miezi michache ambayo bahari haina barafu. Mafuta yakipanda, umeme nao haukawii kupanda.

Serikali ya Nunavut inatoa ruzuku kwa umeme wa nyumbani, ila ina kikomo: uniti 1,000 kwa mwezi kuanzia Oktoba hadi Machi, na 700 Aprili hadi Septemba. Ukivuka hapo unalipa bei kamili, na inauma kweli. Kwa hiyo usisubiri bili. Mimi husoma mita kila Jumapili na kuandika namba kwenye kalenda ya jikoni, hivyo mwezi ukifika katikati najua nimesimama wapi.

Watu huhangaika na taa, lakini mlaji mkubwa yuko nje: hita ya injini ya gari. Baridi ikikaza lazima uichomeke, la sivyo asubuhi gari haliwaki. Lakini si lazima ilale imewaka. Hita ya wati 750 ikiwaka kwa muda wa saa 12 inakula uniti 9. Ikiwaka kwa saa 3 tu kabla hujaondoka, inakula 2 na robo tu. Kwa mwezi, hapo umeokoa kama uniti 200. Nunua swichi ya saa, ile inayojiwasha na kujizima kwa muda uliopanga, iliyotengenezwa kwa matumizi ya nje. Za ndani hazistahimili baridi hii.

Kuna pia waya wa umeme unaopasha bomba la maji lisigande. Huo usiuguse wakati wa baridi, nakusihi, maana bomba likipasuka utalia zaidi ya bili. Ila kiangazi kikifika hakikisha umezimwa. Nyumba nyingine unawaka hadi Julai na mwenye nyumba hana habari.

Na shirika la umeme linapoomba kupandisha bei, maombi hayo hupitiwa na baraza la serikali, na wananchi wanaruhusiwa kutoa maoni kwa maandishi. Andika. Ambatisha bili zako za Desemba na Januari, ueleze mnaishi wangapi humo ndani na ni kipi mmeshindwa kununua kwa sababu yake.