Waulize kwanza: nini kinatetemeka?

Mwalimu mwenzangu unayeanza kufundisha mada ya sauti shule ya msingi, kabla hujachora mawimbi ubaoni shika rula ya plastiki. Ibane kwa nguvu ukingoni mwa dawati, sehemu ndefu ibaki nje, kisha uifyatue. Ikilegea, darasa litasikia rula ikigonga mbao, na somo litaharibika.

Ikiwa ndefu, wataiona ikipanda na kushuka lakini hawatasikia mlio wa maana, kwa kuwa sikio la binadamu huanza kupokea sauti kwenye mitetemo kama 20 kwa sekunde. Ivute ndani kidogo kidogo. Utakuja mngurumo mnene, kisha sauti itazidi kuwa nyembamba. Urefu ulio nje ukibaki nusu, mitetemo huongezeka takriban mara nne, kwa hiyo badiliko ni kubwa na hata wa dawati la nyuma atalisikia.

Mwambie mtoto atoe sauti nyembamba zaidi bila kusogeza rula. Karibu wote watafyatua kwa nguvu. Waache. Mlio utakuwa mkubwa, wembamba utabaki uleule. Nguvu imekuza mtikisiko tu, haikuongeza idadi ya mitetemo katika sekunde. Usivuke hapa mpaka waseme hivyo kwa maneno yao.

Halafu chupa za soda, za kioo, zinazofanana, zenye maji ya vimo tofauti. Zoezi hili linapendwa sana, na mara nyingi hufundishwa nusu. Zigonge kwa kijiko: yenye maji mengi inatoa sauti nene. Sasa puliza juu ya midomo ya chupa zilezile: yenye maji mengi ndiyo nyembamba! Watabishana, na wewe nyamaza kidogo. Mwalimu aliyewakaririsha kwamba "maji mengi, sauti nene" hana pa kutokea hapa.

Swali la kuwauliza ni moja tu: nini kinatetemeka? Ukigonga, kinachotetemeka ni kioo, na maji yanakilemea, kinakwenda polepole. Ukipuliza, ni hewa iliyomo ndani. Maji yameibania nafasi, na hewa kidogo hutetemeka haraka. (Kila mpulizaji awe na chupa yake, mafua yasizunguke darasa zima.)

Swali hilo linatosha kwa vitu vya nyumbani pia. Ngozi ya ngoma ikiota moto hukauka na kukazika, mlio ukapanda. Kwenye ilimba ya Wagogo, ala ya vyuma vyembamba vinavyopigwa kwa vidole gumba, vyuma vifupi ndivyo vyenye sauti nyembamba. Ukimpata mpigaji mtaani, mwombe aje, maana atawaonyesha namna anavyosogeza chuma kuweka sauti sawa.

Kazi ya nyumbani iwe hii: kati ya nyuki na mbu, nani anapiga mabawa haraka zaidi? Hakuna atakayeweza kuhesabu, na jibu watakuja nalo.