Ukisoma ukoo wa Qin Shi Huang, uliza nani alikuwa karibu na maiti

Wanaoanza kusoma historia ya China huniuliza waanzie wapi, na wengi wameshanogewa na lile jeshi la udongo lililofukuliwa karibu na Xi'an mwaka 1974. Huwa nawaambia wayaache kwanza masanamu, waanze na watoto wa Qin Shi Huang mwenyewe, kaisari wa kwanza wa China.

Kaisari huyu alikuwa na watoto wa kiume zaidi ya 20. Usihangaike kuwakariri. Kila ukikutana na jina, liandike, na pembeni yake andika kitu kimoja tu: alikuwa wapi baba alipofariki. Kwangu mimi hilo limefumbua mengi kuliko ramani za vita.

Fusu, mkubwa wao, alikuwa mpaka wa kaskazini pamoja na jenerali Meng Tian; alipelekwa huko kwa sababu alithubutu kumkosoa baba yake. Huhai, mdogo wao, alikuwa kwenye msafara wa baba. Mwaka 210 KK kaisari akafia njiani, Shaqiu. Barua ya kumwita Fusu aje mji mkuu, Xianyang, kwenye maziko ilikuwa tayari, muhuri umeshagongwa, ila aliyeishika ni Zhao Gao, mwalimu wa zamani wa Huhai. Haikwenda. Waziri mkuu Li Si akavutwa upande wao, kifo kikafichwa, na chakula kikaendelea kupelekwa kwenye gari la marehemu kama kawaida. Joto lilipozidi, wakapakia samaki wa chumvi kwenye magari ili watu wasishtukie harufu. Fusu akapelekewa barua ya kughushi ikimwamuru ajiue. Meng Tian alimsihi athibitishe kwanza. Hakusikia.

Huhai alipokalia kiti, ndugu zake 12 waliuawa hadharani Xianyang, na mabinti 10 wa kaisari nao wakauawa. Mmoja wa wana wa kiume, Gao (si yule Zhao Gao), alitaka kutoroka akaogopa jamaa zake wataadhibiwa, hivyo akaomba mwenyewe afe azikwe karibu na baba. Huhai alifurahi, akatoa sarafu 100,000 za maziko. Hapo huwa nafunga kitabu kidogo, nikanywe chai.

Jina la Ziying, aliyekalia kiti baada ya Huhai, liandike kwa penseli. Sima Qian, aliyeandika habari hizi zaidi ya miaka 100 baadaye, mahali pamoja anamfanya mtoto wa kaka yake Huhai, mahali pengine ndugu wa Kaisari wa Kwanza. Alitawala siku 46, akajisalimisha kwa Liu Bang, kiongozi wa waasi. Mwaka 206 KK Xiang Yu, kiongozi mwingine wa waasi, akamuua pamoja na jamaa zake.